Asubuhi Mbili Nilizoanika Kitenge cha Koko

Mnisamehe kwanza mwandiko. Niliishia darasa la sita, na kalamu mkononi mwangu huchoka kabla yangu mimi. Maneno mengine nimeyaandika jinsi tunavyoyasema nyumbani. Kama herufi imeruka mahali, yule anayewasomea wazee airudishe bila kunicheka sana. Barua hii imenichukua siku tisa, kidogo kidogo, kila nikitoka kufua, na ndiyo maana karatasi inanuka sabuni.

Ni harufu hiyo hiyo iliyonifanya nishike kalamu. Ni ile sabuni ya kipande kirefu ambayo dukani huikata kwa uzi, ambayo kundi letu la wazee huigawa kila mwezi pamoja na unga wa uji, sosoma. Wiki ile karatasi ya habari za wazee ilipofika, nilikuwa nimeinama juu ya beseni, mikono imezama ndani ya kitenge kizito chenye maji, na jirani akanisomea kwa sauti kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vimelowa. Alisoma nani amepona macho, nani amepata fimbo mpya, nani anawasalimu wote kutoka ng'ambo ya daraja, Bukavu. Kisha akasoma kwamba Maman Yudita amefariki. Chini ya jina lake mlikuwa mmeandika kwamba yeye ndiye yule mama aliyeokolewa zamani na macho ya marehemu Maman Verediana na mjukuu wake.

Mjukuu huyo ni mimi, Esperansi. Habari ile ya kuokolewa imesomwa mara mbili sasa, mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa na mara ya pili juu ya beseni, na mara zote mbili nilinyamaza. Mnajua mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Lakini wazee wale wawili sasa wote wamelala, na nikinyamaza mara ya tatu habari ile itabaki hivyo milele. Kwa hiyo naomba niisimulie jinsi ilivyokuwa.

Nililelewa na nyanya yangu huyo, ambaye tulimwita Koko kama walivyozoea kuita kule Kongo alikozaliwa. Nyumba yake ilikuwa Nzahaha, kwenye ukingo wa mlima, mahali ambapo ukitema mbegu ya papai inabiringika mpaka kijitoni. Mama yangu alikuwa akivuka kila siku mpaka wa Rusizi ya Pili na beseni la nyanya na mayai, akiuza Bukavu, akilala mjini Kamembe, akipanda kwetu Jumamosi. Siku nyingine tulikuwa wawili tu, mimi na Koko, na kuku mmoja mwenye jicho moja ambaye Koko alisema anatosha, maana nusu ya mambo ya dunia haifai kuangaliwa.

Wageni wanaosoma karatasi hii huko mjini huenda hawajui desturi ya kundi letu, kwa hiyo nitaieleza. Kabla mimi sijazaliwa, mzee mmoja wa mlima wetu alikufa peke yake nyumbani mwake, na ikapita siku kadhaa kabla ya mtu kujua. Watu waliona aibu mpaka wakashindwa kulia vizuri kwenye mazishi. Baada ya hapo wazee waliotoka Kongo, waliokuwa wakikutana baada ya misa kwa sababu ya Kiswahili chao, walikubaliana jambo. Kila mzee anayeishi bila mtu mzima atapewa kitenge kimoja na kundi, kila mmoja na rangi yake. Akiamka salama atakianika mbele ya nyumba. Jua likianza kuinama atakiondoa. Na kila mzee amepewa mwenzake mmoja wa kuangalia, ng'ambo ya bonde au chini ya mteremko. Usipokiona kitenge cha mwenzako asubuhi, au ukikiona kimeondolewa kabla ya wakati, unaenda, au unatuma mtu aende. Siku za ukungu walipiga bidoni tupu ya maji kwa kijiti, mara tatu, wakangoja kusikia nyingine ikijibu.

Cha Koko kilikuwa cha bluu chenye ndege weupe. Aliyemwangalia Koko ni Mzee Filipo, seremala, nyumba yake chini yetu kidogo. Yeye alikataa kitenge katakata, akisema mwanaume hawezi kuamkia kwenye nguo ya mwanamke, akawa anaanika koti lake la mvua kwenye mti wa parachichi. Katekista mgeni alipopita mara ya kwanza alilisalimia koti lile, akangoja lijibu, akaenda zake akiwa amekasirika. Mzee Filipo alisema koti lake lina heshima kumshinda yeye mwenyewe.

Na Koko alimwangalia Maman Yudita. Nyumba yake ilikuwa mlima wa pili, peke yake, mwisho wa njia, nyuma ya mibuni. Kitenge chake kilikuwa cha njano, na kwa mbali kilionekana kama ua moja la boga. Walikuwa wamesoma pamoja utotoni, wakatoroka vita pamoja, na wakafika Rwanda wakiwa wajane wote wawili. Miguu yao haikuwaruhusu tena kushuka bonde na kupanda, kwa hiyo walionana Jumapili tu. Na Jumapili walichokuwa wakibishania ni vitenge.

"Jumanne ulilala kama bibi arusi," Koko alimwambia siku moja mlangoni mwa kanisa. "Miye nilishaanika, nikakunywa chai, nikaosha kikombe, njano yako haionekani."

"Ni ukungu ulinificha," Maman Yudita akajibu. "Miye nilikuwa inje toka kuku wa kwanza. Wewe macho yako njo yalilala."

Nyumbani pia ilikuwa hivyo. Koko alitoka alfajiri na kitenge begani, akakitupa juu ya waya, akaweka kiganja juu ya macho na kutazama ng'ambo. Kama njano haijatoka alicheka peke yake akasema, "Leo nimemshinda." Kama ilikuwa imetoka aliguna, "Kanishinda tena yule mwanamke." Hata alipomshinda hakuingia ndani. Alisimama pale pale, mpaka ile njano itokee. Nilikuwa naona kusimama kule kila siku. Lakini mtoto huona jambo kila siku na bado asijue anaona nini. Mimi nilifikiri ni mashindano tu. Nilifikiri kundi la wazee limewapa vitenge ili wapate mchezo, kama sisi shuleni tulivyopewa mpira.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Ilikuwa majira ya mvua, nami nilikuwa na miaka tisa. Jumanne moja Koko hakuamka. Alikuwa amejikunja chini ya mablanketi mawili, meno yanagongana, na nilipomgusa shingo mkono wangu ulirudi wenyewe kama nimegusa sufuria. Alisema ni mafua kidogo, mchana atakuwa jikoni. Akasema, "Espe, kanianikie kitenge. Filipo asikuje kunisumbua na makelele yake."

Nilitii haraka, tena kwa furaha, na lazima niseme kwa nini. Mwaka uliotangulia Koko aliugua, kundi likajua, wakambeba kwa ngobi. Ngobi ni kile kitanda kirefu cha kusuka ambacho watu wanne huweka mabegani, na kwetu ukikutana nacho njiani unatua mzigo wako na kupokea bega la mmoja aliyechoka. Koko alilala kituo cha afya, na mimi nikapelekwa Bukavu kwa shangazi yangu, mtaa wa Kadutu. Shangazi hakuwa mbaya. Lakini nyumba ilijaa watoto wanaosema upesi, na mimi ulimi wangu ulikuwa mzito, wakaniita Bubu. Kufika wiki ya pili hata shangazi aliniita hivyo bila kukusudia. Nilijua basi jinsi mambo yanavyofuatana: kitenge kisipoonekana, Mzee Filipo atapanda, ngobi itakuja, nami nitakuwa Bubu tena.

Sikuufikia waya. Niliweka kitenge juu ya ua wa miti ya miyenzi, chini kidogo ya mahali pake, nikakinyoosha mikunjo. Ng'ambo ile njano ilikuwa imeshatoka. Nikasema kama Koko, "Katushinda."

Jumatano Koko hakuniagiza kitu. Alikuwa akiongea, lakini si na mimi. Aliita majina ya watu nisiowajua na kuuliza kama mtumbwi umefika. Nilimpa maji kwa kijiko, mengine yakaingia, mengine yakashuka shingoni. Kisha nikachukua kitenge mimi mwenyewe, bila kutumwa, nikatoka.

Hapo ndipo naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapo ndipo karatasi yenu ilipokosea. Siku ya Jumanne nilitumwa. Jumatano hakuna aliyenituma. Nilijua Koko ni mgonjwa sana, nilijua kitenge kinasema ni mzima, na nikakianika. Mzee Filipo akainua mkono kutoka kwake chini, nami nikainua wangu. Kisha nikatazama ng'ambo. Mlima ulikuwa msafi, mvua ilikuwa imeuosha, ningeweza kuhesabu mibuni. Njano haikuwepo.

Nilifurahi. Siwezi kuandika neno jingine mahali hapa. Nilisema kwa sauti, "Leo tumemshinda," nikarudi ndani kupika uji.

Siku nzima sikwenda shule. Nilitoka mara nyingine mbili tatu kufukuza kuku, na kila mara nikatupa jicho, na kila mara njano haikuwepo. Nadhani hata niliwaza kwamba mzee yule amechoka kushindwa. Jua lilipoinama nikaondoa kitenge chetu, nikakikunja kama Koko alivyokikunja, pembe kwa pembe.

Alhamisi nikaanika tena. Mara ya pili kwa uongo wangu mwenyewe. Njano haikuwepo tena.

Saa ya chai homa ilimwachia Koko kidogo, kama inavyofanya ikitaka kupumzika. Alifungua macho akaniona, akaniita jina langu. Nilitaka kumfurahisha. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa, uji ulikuwa umeungua, kwa hiyo nikampa habari.

"Koko, tumemshinda Maman Yudita. Jana na leo."

Alinitazama. "Tumemushinda namna gani?"

"Hajaanika. Jana mpaka jioni hakuanika. Na leo bado."

Sijawahi kuona tena uso wa mtu ukibadilika vile. Alikuwa mgonjwa, na papo hapo akawa kama mtu aliyeitwa kutoka chumba kingine. Akauliza kitenge chetu kiko wapi. Nikasema kiko uani. Akauliza nani alikianika jana. Nikasema mimi.

"Ondoa kitenge," akasema.

Nilielewa anachotaka. Kikiondolewa kabla ya wakati, Mzee Filipo atapanda. "Koko, watakuja kukubeba," nikasema.

"Njo vile nataka. Ondoa."

Sikutoka pale nilipokuwa. Ninaandika hivi polepole ili msidhani nilisahau au sikusikia. Nilisikia. Nilisimama karibu na kitanda, mikono nyuma, nikifikiria Kadutu. Koko alingoja kidogo. Kisha akaondoa mablanketi, akaweka miguu chini, akashika ukuta. Kutoka kitandani mpaka uani kwetu si mbali, mtoto hukimbia akiwa bado anatafuna. Yeye aliipita njia ile akishika ukuta, kisha mlango, kisha hewa. Alipofika kwenye miyenzi akashika kitenge kwa mikono miwili, akaanguka nacho, wakaja chini pamoja, yeye na ndege wake weupe, ndani ya tope.

Ndipo nilipokimbia kwake. Nilimshika kichwa. Hakunigombeza. Alikuwa akitazama ng'ambo, kiganja juu ya macho, kama asubuhi zote.

Mzee Filipo alipanda na randa bado mkononi, vumbi la mbao kwenye nyusi. Alimgusa Koko paji la uso akasema, "Maman Verediana, kumbe unawaka hivi na kitenge kinatuambia mambo ingine?"

"Hapana miye," Koko akasema. "Ni Yudita. Toka jana. Kimbia."

"Miguu yangu ilishaacha kukimbia."

"Basi tuma wenye miguu."

Aligeuka akapiga kelele kuelekea barabarani, ambako vijana walikuwa wakizibua mtaro. Alikuwa na sauti ya kutisha mzee yule. Niliwaona wakitupa majembe, wakishuka bondeni, wakipotea kwenye migomba, kisha wakatokea ng'ambo wadogo kama siafu, wakipanda. Tulingoja. Koko alikataa kuingizwa ndani. Mwishowe mmoja wao alitokea mbele ya nyumba ile akapunga kitu cha njano juu ya kichwa chake, mara nyingi, na Koko akafunga macho. Walikuwa wamepatana tangu zamani kwamba kupunga ni uzima. Ukikuta msiba unakiweka chini.

Siku ile ngobi mbili zilipita bonde moja, jambo ambalo watu bado husimulia. Ya pili iliazimwa mlima mwingine. Nyonga ya Maman Yudita ilikuwa imevunjika, akapelekwa hospitali, na Koko akalazwa kituo cha afya. Mimi nilipelekwa Kadutu, nikawa Bubu kwa wiki tatu. Safari hii sikulia. Nilikaa kwenye ngazi za nyuma nikitazama nguo za watu zilizoanikwa kwenye vilima vyote vya Bukavu, nguo nyingi mno, na sikujua ni nani anamwangalia nani.

Niliporudi, Koko alikuwa amepona na kukonda. Jumapili tulikwenda kwenye ukumbi wa parokia, na katibu wa wakati ule, Mwalimu Damasi, akasoma karatasi ya habari mbele ya wote. Alisoma unga umefika, akasoma salamu, kisha akainua sauti. Alimshukuru Mungu kwa Maman Verediana, ambaye hata katika homa hakuacha kumwangalia mwenzake, na kwa mjukuu wake Esperansi aliyeona na akasema. Watu wakapiga makofi. Nikaitwa mbele nikapewa daftari jipya na kalamu. Mwalimu Damasi aliniuliza kama nina neno, na wote wakacheka kwa upole, maana walijua sina.

Fikirini neno lile. Ni kweli niliona. Ni kweli nilisema. Hakuna neno alilosoma lililokuwa la uongo, na bado habari yenyewe haikuwa ya kweli. Niliporudi kwenye benchi Koko alinishika mkono akaubana mpaka vidole vikaniuma. Nilidhani ananiadhibu. Kisha nilipokua nikadhani alikuwa ananificha. Njiani tulipokuwa tukirudi alisema jambo moja tu, akitazama mbele: "Kuanika ni nusu ya kazi, Espe. Nusu ingine ni kuangalia." Hakulirudia tena maisha yake yote, lakini kuanzia asubuhi iliyofuata aliniamsha kila siku, na tukasimama wawili mpaka tumuone mwenzake.

Maman Yudita alirudi nyumbani mwake baada ya miezi, na fimbo mbili. Kundi lilimwekea kigingi kifupi karibu na mlango ili aweze kuanika akiwa amekaa. Siku moja ya kiangazi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, Koko alisema tutashuka bonde na kupanda kumtembelea. Ilituchukua asubuhi nzima. Tulimkuta anatoa maharage kwenye maganda, tukakaa kumsaidia, na wazee wale wakataniana kuhusu nani sasa ana miguu mibaya zaidi. Kisha Maman Yudita, bila mtu kumuuliza, akaanza kusimulia siku aliyoanguka.

Alisema alikuwa amefungua mlango alfajiri ya Jumatano, kitenge begani, mguu ukateleza kwenye kizingiti. Aliita mpaka sauti ikaisha, kijito kikawa kinaimeza. Mlango ulibaki wazi nusu, na pale alipolala aliweza kuona kipande kidogo cha mlima wetu.

"Nikaona bluu yako, Verediana," akasema. "Nikajisemea, ameamka, ataniangalia. Nikangoja. Ikaondolewa jioni, nikalia. Asubuhi nikaiona tena. Muntu akilala chini vile hana kitu kingine cha kushika. Miye nilishika ile bluu."

Koko aliendelea kutoa maharage, lakini niliona anaweka maganda kwenye sufuria na maharage anayatupa chini.

"Ilikuwa chini kidogo," Maman Yudita akaongeza. "Haikuwa kwenye waya. Nikasema, leo Verediana amechoka."

Akanitazama mimi. Si kwa muda mrefu. Akasukuma kikapu upande wangu, akasema niongeze mikono maana maharage hayajitoi yenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi siku ile, na nilielewa kitu kimoja tu: kwamba kitenge changu cha uongo ndicho kilichomzuia mtu asitumwe. Laiti ua wetu ungekuwa mtupu Jumatano, Mzee Filipo angepanda, Koko angeuliza habari za Yudita hata katikati ya homa, na mama yule asingelala sakafuni siku nzima na usiku wake. Niliibeba hiyo peke yangu kwa miaka mingi, kama mtu anayebeba ngobi akiwa mmoja.

Mengine yamekuja polepole, kama mwandiko wangu. Koko alipokuwa anaelekea kufa, misimu miwili ya mvua iliyopita, mimi ndiye niliyekuwa naanika. Asubuhi moja nilipochukua kitenge alinishika nguo, akasema nikiache, leo wajue. Akasema Jumanne ile ya zamani hakupaswa kunituma. Alisema aliona haya kubebwa, na haya yake ndiyo niliyoirithi siku mbili zilizofuata. Hapo nikaelewa vidole vyake ukumbini. Hakuwa ananiadhibu wala kunificha. Alikuwa mtu wa pili kwenye ile benchi aliyepigiwa makofi asiyoyastahili, na alikuwa ameshika mkono wa yule wa kwanza. Wazee wetu wengi huficha homa wasiwasumbue watu. Nawaomba, wazee wangu, msiifiche. Anayekuangalia anakuhitaji uwe mkweli ili naye aangaliwe.

Tangu Koko aondoke, mimi ndiye niliyemwangalia Maman Yudita. Kundi lilinikubalia, ingawa mimi si mzee, na nikaendelea kuanika ile bluu kwenye waya, juu kabisa, mahali pake. Njano ilikuwa inatoka imechelewa, ikiwa chini kwenye kile kigingi kifupi, lakini ilitoka. Asubuhi ile ambayo haikutoka sikungoja hata kuvaa viatu. Nilishuka bonde na kupanda bila kupumzika. Alikuwa amelala kitandani mwake, amejifunika vizuri, kitenge kimekunjwa karibu na kichwa pembe kwa pembe. Nilikitoa nje nikakiweka chini mbele ya mlango, ili walio ng'ambo wajue.

Daftari ninaloandikia ni lile lile la zawadi. Kabla ya barua hii sikuwahi kuandika ndani yake hata jina langu.

Basi naomba katika karatasi ijayo habari ile isahihishwe. Andikeni kwamba mjukuu wa Maman Verediana aliona siku ya kwanza na hakusema, na kwamba aliyeshusha kitenge ni Koko mwenyewe, kwa mikono yake. Na nina ombi lingine kwenu ninyi mliokuwa mkimtembelea Maman Yudita, mkimpelekea unga, mkikaa naye. Ile siku ya maharage aliponitazama, sijui kama alijua ni nani aliyeanika chini. Sikuthubutu kumuuliza, na tulikuwa tukisalimiana kwa vitenge kila asubuhi mpaka mwisho. Kama aliwahi kumwambia mmoja wenu, liwe neno zuri au baya, niandikieni. Andikeni hata kwa mwandiko mbaya kama wangu. Mtu yeyote anayepanda Nzahaha ataniletea. Atauona ua wetu kwa mbali, kuna kitenge cha bluu.